Uliacha Kuigiza Ukaingia Kwenye Ajira, Saivi Unataka Kurudi: Anzia Hapa

Huu mwongozo ni wa yule aliyewahi kuigiza kweli, awe alikuwa kikundi cha mtaani, michezo ya ITV enzi za kikundi cha Kaole, au zile filamu za DVD za miaka ya staa Kanumba, halafu maisha yakamvuta kwingine, akaajiriwa benki, hospitali, shuleni, akafungua duka Kariakoo, na sasa miaka imepita lakini akikaa kuangalia tamthilia usiku roho haitulii. Mimi nipo upande wa kutafuta waigizaji, kazi yangu ni kupekua picha na video za watu nikimtafutia dairekta mtu wa kumfaa kwenye nafasi, na watu wa aina yenu nawapokea sana, na nawapenda kiukweli, maana mnakuja na vitu ambavyo kijana wa miaka 22 hana pa kuvitoa. Ila wengi wenu mnapitia mlango usio wenu ndo maana mnakata tamaa mapema. Nazungumzia Dar es Salaam kwa kuwa ndo ninapopajua na ndo kazi nyingi zilipo, wa mikoani mengi yatawafaa vilevile.

Hatua ya 1: Jua unarudi kwenye soko gani

Kama uliondoka kipindi kile Kanumba anafariki, Aprili 2012, au kabla ya hapo, basi uliacha tasnia inayoishi kwa DVD. Filamu mnaipiga siku chache, msambazaji anainunua, inaingia madukani, mnaanza nyingine. Ule mfumo umekufa. Saivi hela ya muigizaji ipo kwenye tamthilia za ving'amuzi, nazungumzia Azam TV walioanza 2013 ambao wana chaneli ya Sinema Zetu, Maisha Magic Bongo kule DStv, StarTimes, halafu YouTube ambako watu wanarusha kazi zao wenyewe, na matangazo ya biashara.

Hii inabadilisha mengi. Tamthilia inaweza ikakushika miezi, sini (vile vipande vya igizo) zinapigwa nyingi kwa siku moja, tena siyo kwa mpangilio, unaweza ukalia msibani saa nne asubuhi halafu saa nane ukacheka kwenye harusi ya huyo huyo uliyemlilia. Na skripti ipo. Zamani mlikuwa mnapewa stori kwa mdomo, mnakubaliana nani anamfumania nani, kamera inawashwa kila mtu anaongea anavyojua. Saivi PDF inakuja wasap usiku na kesho asubuhi inatakiwa iwe kichwani.

Kwa hiyo kabla ya kumpigia mtu yeyote simu, chukua kama mwezi hivi uangalie tamthilia mbili tatu za hapa nyumbani kwa macho ya mtu wa kazi. Nani anacheza mama, nani anacheza bosi, nani hakimu, anaongea kwa sauti ya kiasi gani, kamera inamkaribia vipi. Na usizime majina yanapopita mwishoni, andika jina la kampuni, dairekta, prodyuza, na aliyesimamia waigizaji. Hiyo orodha tutaihitaji mbele.

Hatua ya 2: Rudi na umri ulionao

Hapa ndo napenda tukae kidogo maana ndo panapoharibikia. Mtu aliacha ana miaka 25 akiwa anacheza mpenzi, anarudi ana 42 na picha anazonitumia ni zile za zamani au amepiga mpya kajichuja kwenye simu mpaka pua haionekani, na anaomba nafasi ya mpenzi. Ile nafasi ina foleni ndefu ya mabinti na vijana wenye wafuasi wengi insta, huwezi kuipata na hata ukiipata itakutesa.

Lakini angalia upande wa pili. Kila tamthilia ina wazazi. Ina shangazi anayekuja kuvuruga ndoa, mjomba wa kwenye kikao cha mahari, mwalimu mkuu, daktari, mama mkwe, mwenyekiti wa mtaa, bosi. Watu wa kuzicheza hizi nafasi tunawatafuta kwa tochi, ndo maana unaona kijana wa miaka 30 amepakwa unga kichwani anaambiwa ni mzee. Mtu mzima anayejua kuigiza, anayewahi, anayekariri, huyo akipatikana anapitishwa kazi hadi kazi, maana tunapeana namba.

Kaa chini uandike vitu vitatu kwenye karatasi. Kwanza umri unaoonekana nao, siyo wa cheti, waulize watu watatu wasiokujua vizuri wakukadirie. Pili watu ambao ukisimama tu mtazamaji anakuamini, mfano mama wa kanisani, mfanyabiashara wa Kipemba, askari mstaafu. Tatu kazi ulizofanya miaka yote hii na vitu ambavyo mikono yako inavijua. Hicho cha tatu watu wanakidharau sana. Kuna dada aliacha uigizaji akafanya unesi miaka mingi, aliporudi akapewa sini ndogo tu ya nesi wodini, hana hata maneno mengi, basi alipomkaribia mgonjwa akamgeuza mkono, akampapasa kwa kidole gumba akitafuta mshipa, akampigapiga kidogo, huku anaongea na mwenzake mambo ya zamu bila kuangalia mkono. Hakuna aliyemwelekeza. Dairekta akaomba kamera isogee pale kwenye mkono, na ile nafasi ya sini moja ikaongezwa. Fundi cherehani, dereva, karani wa mahakama, mpishi wa shughuli, kila mmoja ana kitu cha namna hiyo, kiandike.

Hatua ya 3: Amsha mwili, sauti na kichwa

Kipaji hakijaenda popote ila viungo vimelala. Jipe miezi mitatu ya kimya kimya.

Sauti: kila siku soma gazeti kwa sauti dakika kumi na tano, ukurasa mzima, kwanza polepole ukitamka kila silabi mpaka mwisho maana tukizoea ofisini tunameza mwisho wa maneno, halafu ukurasa huo huo usome kama unamnong'oneza mtu anayelala chumba cha pili. Lazima asikike kila neno hata ukinong'ona. Mtu wa sauti kwenye seti, yaani pale mnaporekodi, atakushukuru.

Uso: kama ulijifunzia jukwaani au kwenye michezo ya zamani ya TV mlikuwa mnaigiza kwa nguvu, nyusi juu, mikono hewani, ukikasirika unatetemeka. Kamera za saivi zinakuja karibu sana, kope ikicheza inaonekana. Jirekodi na simu ukisema sentensi moja tu, mfano "nimeshajua kila kitu", mara tano, kila mara punguza, mpaka ubaki na macho peke yake. Ukiangalia zote tano kwa mpigo utaiona mwenyewe ipi inaaminika, mara nyingi ni ya nne.

Kukariri: hii ndo inawatisha watu wazima na kweli inahitaji njia. Rekodi maneno ya mwenzako kwenye simu kwa sauti yako, acha ukimya unaotosha majibu yako, weka earphone ukiwa kwenye daladala au unaosha vyombo, yakija maneno yake wewe jibu. Anza na nusu ukurasa kwa siku, mwezi wa tatu uwe unabeba kurasa tatu kwa usiku mmoja. Na ujifunze kwa nini mtu anasema hicho kitu, ukijua anachotaka kwa mwenzake maneno yanakaa yenyewe.

Mwili sina mengi ya kuuongelea, tembea, punguza kukaa, basi. Seti ni kusimama kutwa nzima.

Ukipata nafasi ya kozi fupi usiidharau. TaSUBa pale Bagamoyo, ile iliyokuwa Chuo cha Sanaa tangu 1981, wana walimu waliofundisha vizazi, na kutoka Dar ni kama kilomita 70 tu. Kwa Dar wenyewe pita Nafasi Art Space Mikocheni, kuna maonyesho na mafunzo ya mara kwa mara, na ukienda unakutana na watu wanaofanya kazi saivi, siyo wanaosimulia ya zamani.

Hatua ya 4: Picha na video, hivi ndo tunavyotaka

Picha mbili zinatosha. Moja ya uso mpaka mabegani, moja ya mwili mzima. Nguo ya rangi moja, isiwe nyeupe tupu wala yenye maandishi. Mvi ziache. Kipara kiache. Hakuna filta. Mimi nikikuita halafu aliyeingia siye niliyemwona kwenye picha, nimepoteza muda na wewe umepoteza nauli.

Video ndo kitu kikubwa zaidi maana siku hizi usaili wa kwanza mara nyingi unajirekodi mwenyewe nyumbani unatuma. Fanya hivi. Tafuta ukuta usio na kitu, kama hauna tundika shuka la rangi ya kupoa. Simama ukiangalia dirisha, mwanga ukupige usoni, usilipe dirisha mgongo utatoka mweusi tii. Simu ilale kwa upana, iwe usawa wa macho yako, iegemeze kwenye vitabu juu ya stuli au meza ndefu, usiishikishe mtoto. Zima feni na redio, na chagua saa ambayo jirani hajawasha muziki. Anza kwa kuangalia kamera useme jina, umri, urefu, unapoishi na lugha unazoongea, Kihaya, Kingereza, Kichaga, sema zote maana kuna nafasi zinatafuta lafudhi. Kisha igiza sini fupi isiyozidi dakika moja na nusu na mtu wa kukusomea asimame pembeni kidogo ya simu, wewe umwangalie yeye, siyo kamera, na yeye asome taratibu bila kuigiza ili asikufunike.

Ukimaliza tuma wasap kama dokyumenti, usitume kama video ya kawaida maana wasap inaibana mpaka sura inakuwa ukungu. Faili lipe jina lako na umri. Vitu vidogo hivi, lakini ukiwa unapekua video nyingi kwa usiku mmoja huyu aliyejipanga unamshukuru hata hujamwona anaigiza.

Hatua ya 5: Watafute watu, kwa ujumbe mfupi

Toa ile orodha ya hatua ya 1. Anza na uliowahi kufanya nao kazi, maana waliobaki saivi wengine ndo madairekta na maprodyuza, wape salamu za kweli kwanza, ulizia hali, usiingie na shida moja kwa moja kama mdai. Kwa usiowajua andika kitu kama hiki:

"Habari za kazi kaka. Naitwa fulani, niliigiza na kikundi fulani mpaka 2011, kisha nikawa mhasibu. Nimerudi kwenye uigizaji. Nina miaka 43, naishi Tabata. Nafaa mama, shangazi, bosi, mwalimu. Napatikana wikiendi, na mwezi wa 8 nina likizo mwezi mzima. Nimeweka picha 2 na video ya dakika 1. Asante sana."

Basi. Usiandike historia ya maisha, usimwambie kwamba wasanii wa saivi hawajui kitu, usimpigie video kolu saa tano usiku. Asipojibu rudia baada ya mwezi ukiwa na video mpya.

Milango mingine ambayo watu wazima wanaisahau. Kutia sauti: tangu 2011 TBC walipoonyesha tamthilia ya Kichina iliyowekwa sauti za Kiswahili hii kazi imekua, StarTimes 2016 waliendesha mpaka shindano la kutafuta sauti Tanzania na washindi wakaenda kufanya kazi Beijing, na tamthilia za nje zinazotiwa Kiswahili zinaendelea kuonyeshwa. Huko hawaangalii sura wala umri, wanataka Kiswahili safi na pumzi. Michezo ya redio ya elimu, afya na kilimo nayo ipo na inalipa kwa kipindi. Matangazo ya biashara yanatafuta sana sura za baba na mama wa kawaida. Na jukwaa, hela yake ni ndogo lakini hakuna kinachorudisha ujasiri haraka kama watazamaji walio hai mbele yako. Ukiweza pia nenda ZIFF Zanzibar, tamasha la filamu lililopo tangu 1998, watu wa filamu wanakuwa wamekaa sehemu moja na wanaongeleka.

Hatua ya 6: Ajira usiiachie kwanza

Nasema hivi kwa kuwajali. Malipo ya tamthilia mara nyingi ni kwa siku au kwa sini, na yanachelewa, na msimu ukiisha hujui mwingine lini. Sheria ya ajira inakupa likizo ya siku 28 kwa mwaka, itumie hiyo kwa kazi yako ya kwanza, ongea mapema na prodyuza sini zako zirundikwe ndani ya hizo wiki, inawezekana kabisa kwa nafasi ndogo na za kati. Mtumishi wa umma mwandikie mwajiri barua uombe ruhusa kabla hujaonekana kwenye TV, siyo baada. Ukija kuacha kabisa, uwe na akiba ya miezi sita ya matumizi ya nyumbani, na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wanapokea waliojiajiri, endelea kuchangia mwenyewe michango isikatike.

Na nyumbani pia ongea. Mume au mke ajue mapema kwamba kuna siku utarudi saa nane usiku, na kuna sini za kushikana mikono na kukumbatiana. Amua mwenyewe mpaka wako uko wapi, mwambie dairekta kabla hujasaini, tena bila kuona aibu, mimi nampenda anayeniambia mapema kuliko anayegoma kamera zimeshawashwa na watu arobaini wamesimama.

Hatua ya 7: Siku ya kwanza lokesheni

Fika kabla ya saa uliyopewa. Utakaa sana, seti zinapigwa kwenye nyumba za kupanga huko Mbezi, Goba, Kigamboni, umeme unakatika, jenereta la jirani linaanza, mvua inakuja, kwa hiyo beba maji, kitabu na chaji. Nguo mara nyingi unakuja na zako, beba jozi tatu zikiwa zimepigwa pasi. Kila sini ikiisha piga picha ulivyovaa, saa ipo mkono gani, mikono ya shati umekunja mpaka wapi, kitenge umefunga upande upi, maana mwendelezo wa ile sini unaweza kupigwa baada ya wiki mbili na wewe ndo wa kwanza kuulizwa. Hizo nguo zifungie mfuko wake usizivae mtaani.

Kuna jambo la heshima hapa. Dairekta anaweza kuwa na miaka 27, atakuamkia "shikamoo mama" au "mzee shikamoo" halafu dakika hiyo hiyo akuambie urudie sini mara ya sita. Mwitikie marahaba kwa moyo, na urudie. Ukianza "sisi enzi zetu" seti nzima inakunja uso na hutoitwa tena. Usipoelewa uliza pembeni, siyo mbele ya watu. Wale vijana wakishaona unafanya kazi watakuja wenyewe kukuomba uwaelekeze, na hapo wape kila ulichonacho.

Hatua ya 8: Karatasi na pesa

Jisajili BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa lililoundwa kwa sheria namba 23 ya 1984, na usajili wako Bodi ya Filamu uufuatilie, hao ndo wanaotoa vibali vya kupiga filamu chini ya sheria namba 4 ya 1976. Ada waulize wenyewe ofisini maana hubadilika, na usimpe mtu wa kati. Kuwa na TIN, namba ya mlipa kodi, kwenye malipo ya huduma kampuni inakata kodi ya zuio asilimia 5, dai cheti cha hayo makato.

Mkataba usome kabla ya siku ya kamera. Angalia: unalipwa kwa siku, kwa sini au kwa episodi, lini, nani anabeba nauli na chakula, ukiumia lokesheni nani anatibu, umefungwa miezi mingapi usifanye kazi kwingine, na sura yako itatumika wapi na kwa muda gani, hasa kwenye tangazo. Msiseme hili la mwisho dogo. Mchekeshaji Mzee Majuto kabla hajafariki Agosti 2018, malalamiko ya mikataba yake ya matangazo yalifika mpaka kwa waziri. Ukiambiwa "tunaaminiana tu mama, mambo ya karatasi baadaye", jibu kwa upole kwamba hata ukurasa mmoja wenye tarehe, kiasi na sahihi mbili unatosha, na usubiri uandikwe.

Usaili ufanyike mchana, ofisini au sehemu yenye watu, hotelini chumbani hakuna usaili. Anayetaka mwili ili akupe nafasi, mwanamke au mwanaume, anavunja kifungu cha 25 cha sheria ya kuzuia rushwa ya 2007, hifadhi ujumbe wake na upige TAKUKURU 113, ni bure. Atakayekuomba hela "ya fomu ya usaili" pia muache, kampuni inayofanya kazi kweli haimchaji muigizaji kumwangalia.

Kazi ya kwanza ikishaonyeshwa, omba vipande vyako kwa prodyuza, kata dakika moja iliyo nzuri, ndo video yako mpya, na siku hiyo hiyo anza kuwatumia tena wale ambao hawakukujibu.